Mwili unaokumbuka hofu: Je, yoga inaweza kusaidia?

Leo tuangalie maradhi yasiyoonekana kidonda. Mtu alipata ajali ya basi, au alipigwa miaka mingi, au alibakwa. Majeraha yamepona, lakini mlango ukigongwa anashituka, moyo unakwenda mbio, na usiku halali. Nyumbani anaambiwa ana jini, au imani yake ni dhaifu.

Kitaalamu hali hii huitwa kiwewe. Mtu akikabiliwa na hatari, ubongo huamrisha homoni ya adrenalini imwagike katika damu. Misuli hukaza na pumzi huwa fupi fupi. Hatari ikiondoka, mwili hutakiwa kutulia. Kwa mwenye kiwewe hautulii sawasawa. Wengine huwa kama waliokufa ganzi, hawauhisi mwili wao. Huu si upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe (Sura Yusuf, aya ya 84), naye ni Mtume.

Huko Massachusetts, Marekani, daktari wa akili Bessel van der Kolk na mwalimu David Emerson waliandaa yoga maalumu kwa wagonjwa hawa. Utafiti wao wa mwaka 2014 ulihusu wanawake 64 wenye kiwewe sugu. Kundi moja lilifanya mazoezi saa moja kila wiki kwa wiki 10. Jingine lilipewa elimu ya afya. Mwishoni, asilimia 52 ya waliofanya mazoezi hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 21 ya wenzao.

Msingi wake ni kwamba mwalimu hamshiki mwanafunzi wala hamlazimishi. Humwambia: ukipenda, inua mkono, ukiona tabu, acha. Aliyedhulumiwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Hapa anarudishiwa kidogo kidogo.

Je, kisheria? Asili ya yoga ni India, na imeshikamana na ibada za Kihindu. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliharamisha yoga inayochanganya mazoezi na ibada. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia liliharamisha yenye maneno ya ibada, likaruhusu ya viungo peke yake. Kwa hiyo tuchukue mazoezi, tuache ibada. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Nyumbani waweza kuanza hivi:

1. Kaa kwenye kiti, macho wazi, nyayo zote chini. Ihisi sakafu.
2. Pandisha mabega taratibu, kisha yashushe.
3. Vuta pumzi kwa pua, uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta.

Dakika 5 zatosha. Kumbukumbu mbaya zikikuzidi, acha, utazame vitu vilivyomo chumbani.

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya hospitali. Anayefikiria kujiua apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya mapema, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU.

Nanyi wa nyumbani, msimlazimishe mgonjwa kusimulia yaliyompata, wala msimguse ghafla kwa nyuma. Dua tusiiache, na tiba tusiiache. Wallahu a'lam.