MWANI NA MAJI MAREFU

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia katika nyumba ya Chama. Mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, wanafunzi wachache wa sheria waliketi kuanza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu linawapa wananchi wa Mkinga, Tanga, Muheza na Pangani, pamoja na ndugu zao wa Unguja na Pemba, haki ya kuuliza kila mwaka wa fedha unapoanza: je, elimu inayogharimiwa kwa jasho la mkulima na mvuvi humrudia mkulima na mvuvi?

Hatuna haja ya kulijibu swali hilo kwa maneno ya jumla. Uko mfano ulio mbele ya macho yetu kila maji yanapokupwa, nao ni mwani.

Tangu zamani za ukoloni, watu wa pwani waliokota mwani uliojiotea mwambani, wakaukausha na kuwauzia wafanyabiashara waliousafirisha hadi Ulaya na Marekani. Kufikia miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imedidimia. Wakati huo huo Profesa Keto Mshigeni, mwana wa nchi hii na mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akiichunguza mimea ya bahari yetu. Alisomea udaktari wake Hawaii na kuupata mwaka 1974, na huko ndiko alikofundisha Profesa Maxwell Doty, aliyewasaidia Wafilipino kuugeuza mwani kutoka kitu cha kuokota kuwa zao la kupanda. Mshigeni alirudi na hoja iliyo nyepesi kuisema na nzito kuitenda: kwamba nasi twaweza kulima baharini kama tulimavyo muhogo bara. Akaandika, akafundisha, na katika miaka ya 1980 majaribio yakafanyika katika maji ya Zanzibar.

Mwaka 1989 mbegu zilizotoka Ufilipino zilipandwa Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, na kutoka huko kilimo kikaenea hata Pemba, ambako leo ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mavuno ya Visiwani. Kwa upande wetu wa Bara, Mradi wa Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani ya Tanga, ulioanza mwaka 1994, uliuhimiza mwani kuwa kazi mbadala kwa vijiji ambavyo miamba yao ilikuwa imevunjwa kwa baruti. Imetokea miaka ambayo Zanzibar peke yake imetoa zaidi ya tani 10,000 za mwani mkavu, na katika kila wakulima watano wa huko, kiasi cha wanne ni wanawake. Wanaoikumbuka Paje ya mwanzo wa miaka ya 1990 hawahitaji takwimu. Waliona mapaa ya makuti yakigeuka ya bati, na sare za shule zikinunuliwa kwa fedha ambayo mama hakumwomba mtu.

Basi hapo utafiti ulizaa. Lakini ni lazima tuseme ukweli kuhusu njia uliyopitia. Haukutoka chuoni ukaingia wizarani, ukatoka wizarani ukaenda kijijini. Uliletwa ufukweni na makampuni ya wanunuzi. Wao ndio waliotoa mbegu, kamba na taitai, na kwa kuwa wao ndio waliotoa, wao ndio waliopanga bei. Mkulima alifundishwa kufunga mche kwenye kamba na kuikaza kamba baina ya vigingi viwili. Hakuelezwa kwamba kile kigandishi kinachotolewa ndani ya mwani wake huingia katika dawa ya meno, katika aiskrimu na katika dawa za hospitali, wala kwamba thamani yake huongezeka kwa kila hatua inayofanyika mbali na hapa. Elimu ya kulima ilifika. Elimu ya soko ilibaki melini. Sisi hatuwalaumu wafanyabiashara kwa kufanya biashara. Twauliza ni nani aliyekuwa na wajibu wa kusimama baina yao na mama wa pwani, na alikuwa wapi.

Kisha bahari yenyewe ikabadilika. Wakulima hupanda aina mbili: kotonii, yenye bei ya juu, na spinosamu, ambayo bei yake ni kama nusu ya hiyo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii imekuwa ikifa katika maji mafupi. Hupauka, hulegea, kisha hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Wataalamu wamechunguza na kuona kwamba maji ya ufukweni yamezidi joto, na mmea uliodhoofishwa na joto hushambuliwa upesi na maradhi na magugu ya baharini. Kwa hiyo wengi wameiacha kotonii na kushika spinosamu: kazi ni ile ile, mgongo unauma vile vile, malipo nusu.

Jibu la utafiti halikukosekana. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa na mtafiti, Dakta Flower Msuya, aliyeshughulika na jambo hili kwa miaka mingi pamoja na wakulima wenyewe wa Visiwani na wa Mlingotini, Bagamoyo. Yeye na wenzake walionyesha kwamba kotonii huweza kustawi ikipelekwa maji marefu yaliyo baridi zaidi, ikafungwa katika kamba zinazoelea au kutiwa ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija ili mawimbi yasiikate. Umoja wa wadau wa mwani ulioanza Zanzibar mwaka 2006 uliwafundisha akina mama kusaga mwani na kuutengenezea sabuni.

Hapa ndipo penye fundo. Maji marefu yanahitaji chombo, na yanahitaji mtu anayejua kuogelea. Wengi wa mama zetu hawana la kwanza wala la pili. Kumwambia mama aliyezoea kulima maji yakiwa magotini kwamba kotonii yake inaishi pale mguu usipofika chini, kisha kumwacha hapo, ni kumpa ufunguo wa nyumba isiyo na mlango. Tena tusijifiche nyuma ya mila. Walimu waliotusomesha vyuoni tungali wadogo walitusimulia agizo linalonasibishwa na Sayyidna Omar, kwamba watoto wafundishwe kuogelea. Hatukusikia kwamba agizo hilo liliwahusu wavulana peke yao.

Serikali inajua kulifanya jambo la namna hii inapotaka. Vyandarua vilivyotiwa dawa vilifanyiwa utafiti kwa miaka mingi Muheza, hapa mkoani kwetu, na pia Ifakara. Matokeo hayakuishia katika makabati. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo: mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akalipa sehemu tu ya bei ya chandarua. Mtafiti alisema chandarua kinaokoa maisha, na dola ikauliza swali la pili, nani atakilipia. Kwa mwani wa maji marefu swali hilo la pili bado halijaulizwa kwa sauti ya kutosha.

Fedha si kwamba hakuna kabisa. Kwa sheria, halmashauri za Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, ukarejeshwa baadaye. Zanzibar nayo, tangu mwaka 2020, ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Ofisa atakayepokea ombi la kikundi cha mwani na kulikuta limeandikwa chombo, jaketi za kuokolea na mafunzo ya kuogelea asiliweke kando kwa kuwa halifanani na maombi ya cherehani aliyoyazoea.

Lipo pia la lugha. Tangu mwaka 1986 tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mtafiti mgeni haingii kijijini Bara bila kibali chake. Twapendekeza kibali kiwe na sharti moja zaidi: muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kubakizwa ofisini, na kwa Visiwani ukabidhiwe kwa sheha. Wavuvi wa Tanga walimvua silikanti, samaki ambaye ulimwengu ulidhani ametoweka hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, na mwaka 2009 sehemu ya bahari yao ikawa hifadhi kwa ajili yake. Dunia nzima imesoma habari za samaki huyo kwa Kiingereza. Aliyemtoa majini kwa jarife lake anastahili kuzisoma kwa lugha yake.

Vikundi vya mwani vya Mkinga hadi Pangani visingoje kuitwa. Chombo kimoja huweza kuhudumia kikundi kizima kwa zamu, na maombi hupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Madiwani wa kata za pwani nao waulizwe, kabla ya vikao vya bajeti na si baada yake, ni vyombo vingapi watakavyoviombea fedha mwaka huu.