Kijisanduku kisiwani: Nani mwenye kutoa ruhusa?

MTU anayetaka kuficha kijisanduku chini ya jiwe ili wenzake waje kukisaka hutakiwa kwanza kumwomba mwenye ardhi ruhusa. Katika shamba au bustani ya mji, jambo hilo ni jepesi. Lakini katika kisiwa kinachong'ang'aniwa na mataifa mawili, ombi hilo dogo hugeuka kuwa siasa. Ukimwomba mmoja, umekwisha kumkana mwenzake.

Hilo ndilo fumbo linalowakabili wachezaji wa jiokashingi, mchezo wa kusaka vijisanduku vilivyofichwa, wanapoelekeza macho yao katika visiwa vya mbali vyenye mizozo.

Mchezo wenyewe ni mchanga. Mnamo Mei 1, 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani alitangaza kwamba serikali yake ingeacha kuvuruga kimakusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo, kifaa cha raia kiliweza kukosea mahali kwa takriban mita 100. Siku mbili baadaye, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Aliyeipata alitakiwa kuandika jina lake daftarini, kuchukua kitu kimoja na kuacha kingine. Hadi leo kanuni za msingi ni zizo hizo.

Kwa kuwa sifa ya msakaji hupimwa kwa ugumu wa safari yake, kisiwa kilicho mbali humvutia kuliko bustani iliyo jirani. Hata hivyo, visiwa vingi vya aina hiyo havina amani ya kisheria, na mgeni anayeshuka huko na kifaa chake mkononi huingia katika ugomvi wa wenyewe bila kujua.

Mfano ulio wazi ni wa visiwa vya Kuril, kaskazini mwa Japan. Muungano wa Kisovieti uliviteka mwaka wa 1945, na Wajapani wapatao 17,000 wakahamishwa. Urusi inavitawala mpaka sasa, lakini Japan inadai kwamba Etorofu, Kunashiri, Shikotan na Habomai ni ardhi yake. Mnamo 1989, baraza la mawaziri la Japan liliwataka raia wake wasiende huko kwa viza ya Urusi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayeomba viza ya Urusi ili kuingia katika visiwa hivyo anakubali kwa kitendo chake kwamba Urusi ndiyo mwenyeji. Utaratibu wa ziara zisizohitaji viza ulianzishwa mwaka wa 1992 ili kulikwepa tatizo hilo, lakini ukavunjika mwaka wa 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine na Japan kuiwekea vikwazo. Kwa hivyo, Mjapani anayetaka kusaka kijisanduku huko hana mlango ambao serikali yake inaukubali.

Hali ya visiwa vya Falkland, ambavyo Argentina huviita Malvinas, ni tofauti kidogo. Uingereza na Argentina zilipigana huko kwa siku 74 mwaka wa 1982, na watu zaidi ya 900 wakauawa. Mnamo 1999 nchi hizo mbili ziliafikiana kwamba raia wa Argentina wazuru visiwa hivyo kwa pasipoti zao. Hata hivyo, kwa mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba Malvinas ni nchi yake, kutoa pasipoti ndipo aingie ni jambo chungu, hasa akiwa amekwenda kuzuru kaburi la ndugu yake.

Huko Falkland kulikuwa pia na hatari kubwa kuliko siasa. Vita viliacha maelfu ya mabomu yaliyotegwa ardhini, na kwa miaka mingi fuo kadhaa karibu na mji wa Stanley zilizungushiwa ua. Pengwini walitembea humo bila wasiwasi kwa kuwa uzito wao haukutosha kuyalipua. Binadamu hakuthubutu. Kazi ya kuyaondoa ilianza mwaka wa 2009 na kukamilika Novemba 2020, na wengi wa waliopiga magoti mchangani kuyafukua walikuwa wataalamu kutoka Zimbabwe. Anayetembea leo katika fuo hizo akisaka kitu kilichofichwa anapaswa kuwakumbuka Waafrika hao, waliosaka vitu vilivyofichwa kwa nia tofauti kabisa.

Je, kijisanduku kilichoachwa na raia kinaweza kuwa ushahidi kwamba kisiwa ni cha nchi yake? Sheria ya kimataifa inasema la. Mnamo Desemba 2002, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kesi ya Indonesia na Malaysia kuhusu visiwa vya Ligitan na Sipadan. Indonesia ilitaja wavuvi wake waliozoea kutumia maji ya eneo hilo. Mahakama ilijibu kwamba shughuli za watu binafsi hazithibitishi mamlaka ya nchi iwapo hazikufanywa kwa kanuni rasmi au kwa idhini ya serikali. Malaysia ilishinda, na miongoni mwa yaliyoipa ushindi ni sheria zilizosimamia uokotaji wa mayai ya kasa, pamoja na minara ya taa za kuongozea meli.

Lakini ruhusa ni kitu kingine. Mnamo Mei 2008, mahakama hiyo hiyo iliipa Singapore kisiwa cha Pedra Branca, japo ilikiri kwamba hapo awali kilikuwa cha Sultani wa Johor, ambaye Malaysia ndiyo mrithi wake. Sababu mojawapo ni kwamba Singapore ndiyo iliyokuwa ikiamua nani azuru kisiwa hicho, wakiwamo maafisa wa Malaysia wenyewe. Kijisanduku hakina uzito mahakamani, ila karatasi inayoruhusu kukiweka huenda ikawa nao.

Serikali zenyewe zimewahi kucheza mchezo unaofanana na huu. Kisiwa cha Hans, mwamba wa takriban kilomita 1.3 za mraba kati ya Greenland na Canada, kiligombewa kwa karibu miaka 50. Mnamo 1984, Waziri wa Denmark aliyesimamia masuala ya Greenland, Tom Høyem, alisimika bendera hapo na kuacha chupa ya kileo. Tangu hapo, inasimuliwa, kila upande ulipofika uling'oa bendera ya mwenzake na kuacha chupa yake. Utani huo ulikoma rasmi Juni 14, 2022, nchi hizo zilipokubaliana kukigawa kisiwa hicho.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali ili aelewe. Katika kisiwa cha Migingo, Ziwa Victoria, ambako wapimaji wa Kenya na Uganda walianza kazi ya pamoja mwaka wa 2009, uchungu wa wavuvi haukuwa wa ramani pekee. Waliuliza pia walipe ushuru kwa nani, na ni polisi wa nani mwenye haki ya kuwadai. Mtu anapolipa au kuomba kibali, hukubali kwamba anayepokea ndiye mwenye mahali.

Kwa hivyo, anayetamani kuusaka mchezo huu visiwani na asome kwanza ushauri wa serikali yake, ajue ni nchi gani itakayompigia muhuri pasipoti, na ajiepushe na bendera. Ipo pia aina ya jiokashingi ambayo msakaji hufika tu mahali, akajibu swali kuhusu alichokiona, akaondoka bila kukuta wala kuacha sanduku. Lakini hata huyo atavuka mlango wa mtu ili afike huko, na swali la mlango huo ni wa nani litamtangulia kisiwani kabla hajawasha kifaa chake.