Hatari ya kujaza upya maganda ya risasi nyumbani

KATIKA vijiji vya wafugaji kama Korbesa, eneo la Merti, Kaunti ya Isiolo, bunduki ya polisi wa akiba ni kinga ya watu na mifugo dhidi ya wavamizi. Risasi anazopewa mlinzi huyo ni za kuhesabika, na malisho huwa mbali na kituo cha polisi.

Ni rahisi basi mtu kuokota maganda yaliyokwisha kufyatuliwa na kufikiria kuyajaza upya. Wazo hilo linaweza kumgharimu macho, mkono au uhai.

Risasi moja ina sehemu nne: ganda, baruti iliyo ndani yake, kichwa kinachoruka, na fataki ndogo iliyo kitakoni. Fataki inapogongwa, cheche huwasha baruti, na gesi yake husukuma kichwa kupitia mtutu.

Baruti ikizidi kipimo, nguvu ya gesi huweza kuipasua bunduki karibu na uso wa mpigaji. Ikipungua mno, kichwa hukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata huweza kuulipua. Ganda nalo hutanuka kila linapofyatuliwa, na huenda likawa na ufa usioonekana kwa urahisi.

Nchini Marekani, ambako watu wengi hujaza maganda nyumbani kihalali, wazoefu hutumia mizani maalumu na majedwali ya watengenezaji wa baruti. Huweka mezani baruti ya aina moja tu, huvaa miwani ya kukinga macho, hawavuti sigara, wala hawapigi soga wakati wa kupima.

Anayechokonoa risasi kuukuu ili kupata baruti hana lolote kati ya hayo. Hajui aina ya baruti aliyoishika wala kipimo chake.

Isitoshe, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila idhini. Polisi wa akiba, wanaotambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, wanapaswa kupata risasi kutoka kwa polisi, si kwa fundi wa kijijini.

Mlinzi aliyekabidhiwa risasi anaweza kuepuka maafa mengi kwa kuzingatia mambo machache. Kwanza, azihifadhi mahali pakavu na penye baridi, mbali na jiko, na azifungie kando na bunduki.

Pili, asichanganye aina. Risasi za G3 na za AK-47 zote huitwa za milimita 7.62, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 51 na la pili milimita 39. Hazibadilishani.

Tatu, risasi yenye kutu, ufa au kichwa kinacholegea isifyatuliwe, irejeshwe kituoni.

Nne, bunduki ikigoma kulia, mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa angalau dakika moja kabla ya kufunguliwa, kwani baruti huweza kuchelewa kuwaka. Ikitoa mlio hafifu usio wa kawaida, asipige tena hadi mtutu ukaguliwe.

Watoto nao waonywe wasichezee risasi wala kuzitupa motoni. Risasi ikilipuka nje ya bunduki, vipande vya ganda huruka na vinaweza kupofua. Anayeokota kitu asichokifahamu malishoni akiache palepale, aweke alama kando, kisha amwarifu chifu au polisi.

Baada ya kushika risasi au kusafisha bunduki, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Madini ya risasi ni sumu, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto.

Mlinzi anayepungukiwa na risasi hana njia ya mkato: aripoti kituoni, arejeshe maganda, na aombe nyingine.