Piano na Kinanda cha Umeme: Tuchague Kipi?

Kwaya ya parokia ikiisha kukusanya fedha za kununua ala ya muziki, mara huzuka maneno mawili. Wengine husema, "Piano ndiyo ala ya kweli." Wengine hujibu, "Tununue kinanda cha umeme, ndicho cha siku hizi." Fedha yenyewe si ya mchezo. Hapa Masereka ni fedha ya viazi na vitunguu, iliyotolewa kidogo kidogo na watu wenye watoto wa kusomesha. Basi, wasomaji wapenzi, yafaa tuzitazame ala hizi mbili kwa utulivu kabla ya kufungua mfuko.

Piano ilibuniwa katika mji wa Firenze, Italia, karibu na mwaka 1700, na fundi Bartolomeo Cristofori. Ndani yake mna nyuzi za chuma zipatazo 230, zilizokazwa kwa nguvu ambayo jumla yake hupita tani 15. Kidole kikibonyeza kibao, nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufu nzito huruka na kuupiga uzi. Uzi hutetemeka, na ubao mpana ulio nyuma yake huikuza sauti hata ikajaza chumba. Hapana haja ya umeme. Ukigusa polepole, sauti huwa ndogo. Ukipiga kwa nguvu, huvuma. Hata jina lake la kwanza kwa Kiitalia lilikuwa na maana hiyo: polepole na kwa nguvu.

Kinanda cha umeme hakina uzi hata mmoja. Sauti zake nyingi zilinaswa kwanza kutoka ala za kweli, kisha zikahifadhiwa ndani ya mashine kama hesabu za kompyuta. Kidole kikibonyeza, mashine huitoa sauti ile kwa njia ya kipaza sauti. Ndiyo sababu chombo kimoja chaweza kuiga piano, filimbi, tarumbeta na hata kinanda cha kanisa.

Sasa tuifikirie nchi yetu. Piano ya kusimama yaweza kupita kilo 200. Nani ataipandisha milima ya Lubero wakati wa mvua, barabara ikiwa matope? Tena mti hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Nyuzi nazo hupoteza ulinganifu wao. Fundi mwenye ujuzi hana budi kuzilinganisha mara moja au mbili kila mwaka. Piano isiyopata fundi huwa mzigo mzuri wa kutazama tu.

Kinanda cha umeme chenye vibao 61 huchukuliwa na mtu mmoja, na sauti yake hailegei kwa ukungu. Lakini nacho kina adui zake. Umeme ukikatika, kimekuwa bubu. Ukirudi kwa kishindo, waweza kukiunguza. Basi anayekinunua anunue pamoja nacho betri nzuri na kifaa cha kukinga umeme, akifunike dhidi ya vumbi na maji.

Je, Kanisa lasemaje? Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma na matoazi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikiheshimu hasa kinanda kikubwa cha mabomba, ukaruhusu pia ala nyingine zinazofaa kwa sala. Hapo pana fundisho la muziki lenyewe. Sauti ya piano, mara ikiisha kupigwa, huanza kufifia; ya kinanda cha kanisa hudumu maadamu kidole kimekaa. Kwa hiyo, waamini wanapoimba wimbo wa taratibu, mpigaji wa kinanda cha umeme achague sauti ya kinanda cha kanisa, si ya piano, ili waimbaji wapate mahali pa kuegemea.

Kwa mtoto anayejifunza, jambo ni jingine. Kidole chake lazima kijue uzito na wepesi. Vinanda vingine vya bei ndogo hutoa sauti ileile, ukigusa kama unyoya au kama nyundo. Mtoto akizoea hivyo, akikutana na piano atakuwa kama mgeni. Wazazi na viongozi wa kwaya, kabla ya kulipa, kijaribuni: bonyezeni kibao kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kiacheni. Mwenye uwezo zaidi atafute chenye vibao 88 vizito kama vya piano.

Jihadharini pia na midundo iliyotengenezwa tayari. Kijana abonyezaye kidude kimoja, mashine ikapiga ngoma na nyuzi kwa niaba yake, hajapiga muziki, ameuwasha. Na ngoma tunazo, pamoja na watu wajuao kuzipiga.

Shauri letu ni hili: kwa Masereka, kinanda cha umeme kinachosikia uzito wa kidole ndicho kifaacho leo. Lakini fedha isiishe yote kwa kununua. Sehemu yake iwekwe kwa ajili ya mwalimu, kwani ala bila mwalimu ni shamba bila jembe. Na kwaya ijizoeze kila juma kuimba pasipo ala yoyote. Hapo hata betri ikiisha katikati ya Misa, wimbo hautakatika.