Mgawo wa Novemba Huanza Mei

Mhandisi wa maji akipita Kolo, wilayani Kondoa, wakati wa kifuku, swali analokutana nalo ni lilelile. Mvua inanyesha, makorongo yanavuma, mahindi yamesimama vizuri, na umeme hakuna. Maji yote haya yanakwenda wapi?

Kwenye umeme hayaendi. Mto mkubwa wa Kondoa ni Bubu, nao ukishuka kusini huishia kwenye kinamasi cha Bahi. Hapo hautoki tena. Maji hutanda, jua la Dodoma linayanywa, na yanayobaki huzama ardhini. Ndiyo maana kitaalamu Kondoa imewekwa katika Bonde la Kati, bonde ambalo mito yake haina njia ya kufika baharini. Hakuna tone la Bubu linalozungusha mtambo wa TANESCO. Wazee wanaofanya tambiko la mvua kwenye miamba ya Mungomi wa Kolo, jirani na michoro ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wanaombea mahindi, uwele na mifugo. Mvua ya umeme inaombewa kwingine: Njombe, Mbeya, Mufindi na uwanda wa Usangu.

Kutoka huko maji hukusanyika katika mto Ruaha Mkuu na kuja hadi Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambako yanaungana na ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Dodoma na Iringa amepita juu ya tuta lake. Wengi hudhani Mtera ilijengwa ili ifue umeme. Ilikamilika mwaka 1980, na kwa miaka 8 ya mwanzo haikufua hata uniti moja. Mitambo yake miwili, jumla megawati 80, iliwashwa mwaka 1988. Kazi iliyolipiwa tangu mwanzo ilikuwa kutunza maji kwa ajili ya mtambo mwingine ulioko chini ya mto, Kidatu.

Kidatu ina mitambo 4 ya megawati 51 kila mmoja, jumla 204. Maji yake huporomoka mita 175 hivi kupitia handaki ndani ya mlima. Ili mitambo yote 4 izunguke kwa nguvu zake zote, inahitaji kiasi cha mita za ujazo 130 kila sekunde. Bwawa la Kidatu lenyewe lina mita za ujazo milioni 125 tu. Gawanya, utapata siku 11. Mto ukikauka leo, baada ya wiki moja na nusu Kidatu inazimika. Mtera, kwa upande wake, ikijaa ina karibu mita za ujazo bilioni 3 zinazoweza kutumika, na kwa kasi ileile zinatosha karibu miezi 9. Mtera ni ghala, Kidatu ni kinu.

Hapa inafaa tufanye hesabu moja, kwa sababu bila hiyo ubishi wa mabwawa hauna mwisho. Umeme wa maji hutegemea vitu viwili: wingi wa maji na urefu wa maporomoko. Mita moja ya ujazo ni mapipa 5 ya lita 200. Mapipa hayo 5 yakishuka Kidatu yanatoa chini kidogo ya nusu uniti, ileile uniti unayonunua kwenye LUKU. Yakishuka Mtera yanatoa kama robo. Yakishuka Kihansi, kwenye safu ya Udzungwa, yanatoa uniti 2, kwa sababu pale maji huanguka zaidi ya mita 800. Kwa hiyo Kihansi, yenye bwawa dogo ambalo mtu angeweza kulidharau, ina uwezo wa megawati 180. Udhaifu wake ni kwamba haina akiba. Mto ukipungua nayo inapungua siku hiyohiyo. (Ilikuja pia na gharama ambayo haikuwa kwenye mchoro: chura mdogo aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko yale tu alitoweka porini baada ya maji kuhamishiwa mitamboni, na vizazi vyake vikatunzwa kwenye bustani za wanyama Marekani.)

Sasa turudi Mtera, maana ndiko uamuzi mgumu unakofanyika. Bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi mita 690, mitambo inatakiwa kuzimwa. Mita 8 na nusu, basi. Riziki yote ya mwaka imo humo. Maji huingia kuanzia Januari, hufika kilele karibu na Mei, na baada ya hapo bwawa ni la kutoa tu hadi mvua nyingine. Inapofika Mei, kila kitu kinaonekana kizuri. Maji ni mengi, umeme wake ni wa bei ndogo kuliko wowote, na kila uniti inayofuliwa kwa maji inaokoa fedha ambazo zingenunua mafuta au gesi. Wizara inataka unafuu na wateja wanataka umeme. Ni mhandisi gani atasimama katika mwezi huo aseme tufungulie nusu tu?

Mgawo unaotangazwa Novemba huwa umeshaamuliwa miezi 6 nyuma, na mtu aliyedhani hafanyi uamuzi wowote.

Naye anayebana sana hubebeshwa hasara ya aina nyingine. Mtera ikijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600, uwanda mpana wenye kina kifupi kwenye mojawapo ya sehemu kavu zaidi za nchi. Jua hunyanyua kiasi cha mita 2 za maji kwa mwaka. Ondoa mvua inayodondokea humohumo, bado ni karibu mita za ujazo bilioni moja zinazopaa bure katika mwaka ambao bwawa limejaa muda wote. Kwa hesabu ya Kidatu hizo ni uniti karibu milioni 400. Ukitunza, jua linakula. Ukiachia, kiangazi kinakukuta mikono mitupu. Wahandisi huchora mstari wa mwongozo unaosema kila mwezi bwawa lisishuke chini ya kiwango fulani. Kuchora si kazi. Kazi ni kuuheshimu mstari huo wakati simu inalia kutoka juu.

Mwaka 1992, na tena 1994, nchi iliingia kwenye mgawo mkali, na vidole vikaelekezwa Usangu: wakulima wa mpunga na wafugaji ndio wamekunywa mto. Ruaha ilianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwishoni mwa 1993, viboko wakarundikana kwenye madimbwi, na picha zile zikawa ushahidi uliotosha. Lakini hapo mambo mawili yalichanganywa. Mpunga na mifereji ya Usangu vinaumiza mto wakati wa kiangazi, mwezi wa Septemba na Oktoba, na hilo ni janga halisi kwa wanyama na kwa vijiji. Mtera haijazwi na maji ya Septemba. Inajazwa na mafuriko ya Januari hadi Mei, na mto mwembamba wa kiangazi hata ungefika wote usingebadilisha sana kina cha bwawa. Wataalamu wa rasilimali za maji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipoipitia baadaye hesabu ya mabwawa hayo mawili, walionyesha kwamba namna maji yalivyoachiliwa Mtera ilichangia. Hata hivyo mwaka 2006, ukame ulipoivuta tena Mtera hadi mwisho, wafugaji waliondolewa kwenye kinamasi cha Ihefu, huko Usangu, na umeme ukatajwa kati ya sababu. Mwaka huohuo ndipo ulipoingia mkataba wa mitambo ya dharura wa kampuni ya Richmond, uliomng'oa Waziri Mkuu Februari 2008. Kina cha bwawa kiliangusha serikali, ukipenda kusema hivyo, ingawa rekodi rasmi inasema mkataba.

TANESCO yenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni mbili za umeme za Tanganyika ziliundwa mwaka 1931, Serikali ikaanza kununua hisa zake 1964, na kufikia 1975 shirika lote lilikuwa mali ya umma. Lakini maji hayakuwa mali yake, na si mali yake leo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, TANESCO ni mtumiaji mwenye kibali na analipa ada, kama skimu ya umwagiliaji. Kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Yaani mwenye funguo za milango ya bwawa ni mmoja, na mwenye mamlaka juu ya mto ni mwingine.

Dunia imejaribu mipango tofauti kwa tatizo hili. Marekani iliunda mwaka 1933 mamlaka moja kwa bonde zima la mto Tennessee: mafuriko, meli, umeme, vyote chini ya paa moja. Sisi tuliiga mwaka 1975 kwa kuunda RUBADA kwa bonde la Rufiji, na ndoto yake kubwa ilikuwa bwawa la Stiegler's Gorge. Ilikaa na ndoto hiyo miaka zaidi ya 40, ikavunjwa 2017 bila kumwaga zege. Wakenya wamegawa kwa namna nyingine kwenye mto Tana: bwawa la Masinga, la 1981, ni la mamlaka ya bonde, mitambo inaendeshwa na KenGen, na anayekuletea bili ni kampuni ya tatu. Sioni kwamba mpango mmoja umeushinda mwingine. Panapofanikiwa, ni pale ambapo kanuni ya kufungulia maji imeandikwa na mtu wa nje anaweza kuisoma. Kwetu kina cha Mtera hutangazwa kikiwa kimekwisha. Kingetangazwa kila mwisho wa mwezi, kando ya mstari wake wa mwongozo, mwandishi wa habari yeyote angeuona mgawo ukija.

Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa hapohapo Stiegler's Gorge, limeibadilisha hesabu yote. Mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na yote kufikia 2025. Bwawa lenyewe linabeba mara kumi ya Mtera. Kisichosemwa sana ni mahali lilipo: chini kabisa ya mto, baada ya Ruaha kuingia Rufiji. Maji ya Mtera sasa yanafanya kazi mara tatu, Mtera, Kidatu na Nyerere, na yale ya Kihansi nayo hupitia Kilombero hadi hapo. Zamani maji yaliyoizidi Kidatu yalikwenda baharini yakiwa hayajalipa kitu. Leo yanadakwa. Kwa hiyo naona Mtera iachwe iwe akiba ya miaka mibaya kuliko ya mwaka hadi mwaka, hata kama jua litachukua sehemu yake. Na Nyerere ina mgongano wake: bwawa la umeme hutaka kujaa, bwawa la kuzuia mafuriko hutaka nafasi tupu, na moja haliwezi kuwa yote mawili kwa siku moja. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti mwaka 2024 yalileta lawama juu ya bwawa, na Serikali ikajibu kwamba limepunguza makali. Watu wa Tennessee hushusha mabwawa yao kabla ya msimu wa mafuriko, kwa ratiba inayojulikana na kila anayeishi kando ya mto.

Machi 2024 TANESCO ilizima vituo kadhaa vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko matumizi. Kwa mtu wa Kolo habari hiyo ilikuwa kama dhihaka, maana kukatika hakukuisha. Tofauti ni kwamba siku hizi kukatika kwa Kolo mara nyingi ni suala la waya. Umeme wa Rufiji unapelekwa Chalinze, na laini ya kilovoti 400 ya Chalinze hadi Dodoma, kilomita 345, ndiyo inayotakiwa kuuleta uwanda wa kati kwa nguvu inayostahili. Baada ya hapo kuna vituo vya kupoza, transfoma, na nguzo ambazo mchwa wa Kondoa wanazifahamu vizuri. Megawati 2,115 hazisaidii nguzo iliyolala.

Bubu, mto usiozungusha mtambo, nao unasubiri bwawa. Kwa miaka mingi Serikali imepanga bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, ili jiji la Dodoma lipate maji ya kunywa. Huko Kondoa itahusika moja kwa moja, na kwa jambo lisilopendeza: tope. Vilima vya Irangi, vilivyo Kondoa, ni kati ya ardhi zilizomomonyoka vibaya zaidi nchini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden kutibu makorongo hayo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwa amri katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na kaya zilizoishi kwa ng'ombe zikalipa bei. Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950 upande wa pili wa Dodoma, limemezwa na mchanga kiasi cha kutosha kuonyesha mwisho wa bwawa ambalo vilima vyake havikulindwa. Kabla ya tuta la Farkwa kuinuliwa, hesabu ya kwanza ingekuwa ya tani za udongo ambazo Bubu hushusha kila kifuku, na ya pili ingekuwa ni sehemu gani ya ada ya maji ya Dodoma itapanda kurudi Kondoa kumlipa anayechimba makinga maji kwenye shamba lake mwenyewe.