Mizuka Iliyomzaa Mpelelezi

Mwaka 1764 Horace Walpole, mwana wa aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alichapisha riwaya iitwayo The Castle of Otranto, akalificha jina lake na kudai kuwa ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kitaliani. Humo bwana arusi, siku ya ndoa yake, anapondwa na kofia ya chuma ya ukubwa wa ajabu. Sanamu inatokwa na damu puani, na binti anakimbia gizani katika njia za chini ya ngome. Lakini chanzo cha misiba hiyo yote, kikija kubainika, ni jambo ambalo kadhi yeyote angelifahamu: babu wa mwenye ngome alimtilia bwana wake sumu, akaghushi wasia, akatwaa milki isiyokuwa yake. Kwa rai yangu mzizi wa hadithi za jinai uko katika dhulma ile iliyofichwa nyumbani. Mizuka ni wapiga mbiu wake tu.

Ann Radcliffe, katika The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794, aliwafukuza wapiga mbiu hao. Emily wake anafunua pazia jeusi, anazirai, na msomaji hungoja mpaka karibu na mwisho wa kitabu ndipo aambiwe kuwa kilichomtisha kilikuwa sanamu ya nta. Wako waliomkasirikia kwa hila hiyo, nami siwalaumu. Mwaka huo huo William Godwin, katika Caleb Williams, alisimulia habari za mtumishi ambaye udadisi wake unamfikisha kujua kwamba bwana wake mtukufu ni muuaji, kisha mchunguzi huyo ndiye anayewindwa nchi nzima. Godwin alieleza baadaye kwamba alibuni kwanza juzuu ya mwisho, ndipo akarudi nyuma kuitafutia sababu.

Edgar Allan Poe wa Marekani, aliyekwisha kuandika mwaka 1839 juu ya nyumba ya Usher inayobomoka pamoja na ukoo wake, alimzua Dupin mwaka 1841, ambaye wengi humhesabu kuwa mpelelezi wa kwanza wa hadithi. Na tazama makazi aliyompa: jumba kuukuu la Paris, lililohamwa kwa ajili ya itikadi za watu, ambamo yeye na rafiki yake hufunga madirisha mchana, huwasha mishumaa, na hutoka usiku ukiingia. Katika kisa chake, mama na binti wameuawa katika chumba kilichofungwa kwa ndani, mahali ambapo Walpole angeleta jini; Dupin anauchunguza msumari wa dirisha, anaukuta umevunjika, na muuaji anadhihirika kuwa orangutani aliyemtoroka baharia.

Hata Raymond Chandler, karibu miaka 100 baadaye, hakuliacha kasri. Katika The Big Sleep ya mwaka 1939, mpelelezi wake Marlowe anaitwa kwa jenerali mzee aliyetajirika kwa mafuta ya ardhini, amejifunika blanketi katika nyumba ya vioo yenye joto na harufu nzito ya maua, nayo siri ya ukoo, maiti ya mkwewe, imezamishwa katika shimo la mafuta.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye mpelelezi wake Bwana Msa ana mengi ya Sherlock Holmes, aliyaweka mauaji ya Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, penye mzimu wenyewe. Bwana Msa anawasha kiko chake, na kuanza kuwahoji walio hai.