Habari za Msiba Lazima Zifike

Mama mdogo alinipa simu yake mara mbili ndani ya wiki moja, na mara zote kwa shauri lile lile: kwenye kioo kulikuwa na ujumbe kwamba hifadhi ya wingu imejaa. Kwanza tulifuta programu ya mchezo ambayo wajukuu waliitia wakati wa likizo. Hifadhi haikupungua hata kidogo. Tukaingia ndani zaidi, tukafuta picha na video za makundi ya WhatsApp: za harusi, za vikao vya harusi, za vitambaa vya sare vilivyopendekezwa na kukataliwa, mamia kwa mamia. Nafasi ikapatikana, akanishukuru, akaenda zake. Siku ya tatu akarudi. Picha zote zilikuwa zimo.

"Mwanangu, tumevizika hivi vitu, na vimefufuka."

Kufufuka ndilo neno walilolitumia wataalamu wa kompyuta waliopambana na jambo hilo hilo miaka ya 1980. Na dawa waliyoipata ni ugunduzi ninaoupenda kuliko mwingi mwingine katika fani yao, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kutumwa kupeleka habari za msiba anaweza kuuelewa bila kuguswa na hesabu hata moja.

Kampuni ya Xerox, tuliyoizoea kwa mashine za kutoa nakala, ilikuwa na kituo cha utafiti Palo Alto, California. Mtandao wake wa ndani uliunganisha mitandao midogo mamia kadhaa ya ofisi zake duniani. Ujumbe uliotoka Japani kwenda Ulaya uliweza kupita malango 14 na laini 7 za simu kabla ya kufika. Ndani ya mtandao huo kulikuwa na kitu mfano wa daftari la majina, lililoonyesha nani anapatikana wapi na mashine ipi ina anwani ipi, na nakala za daftari zilitunzwa kwenye kompyuta nyingi ili moja ikizimika nyingine iweze kujibu. Mwaka 1987, Alan Demers na wenzake wanane walichapisha makala kuhusu namna ya kuzifanya nakala hizo zote ziseme neno moja.

Kuongeza jina hakukuwa na tabu kubwa. Kompyuta mbili zinakutana, zinalinganisha madaftari, mwenye jina jipya anampa asiye nalo. Kufuta ndiko kulikowaumiza kichwa. Tuseme daftari la kwanza lina jina la Juma, na la pili halina. Kwa nini halina? Huenda Juma ameajiriwa jana na habari hazijafika. Huenda Juma ameondoka, na daftari la pili limekwisha kumfuta. Hali hizi mbili ni kinyume kabisa, lakini mtu akizitazama zinafanana: hapa pana jina, pale pana pengo. Na pengo halisemi limetokana na nini. Basi kompyuta inafanya kile ilichofunzwa, inamnakili Juma kwenye daftari la pili, na aliyefutwa anarudi kuhesabiwa miongoni mwa waliopo.

Tufikiri jinsi kwetu tunavyofanya mtu akifariki. Kuzika peke yake hakutoshi. Kuna ndugu Pemba, kuna shemeji Muscat, kuna rafiki wa shule aliyehamia Lubumbashi. Hao wasipoambiwa, watatuma salamu: "Mpe mzee mkono wangu." Ndiyo maana redio zetu zimekuwa zikitenga muda wa matangazo ya vifo, zikitaja majina ya ndugu mmoja mmoja na mahali walipo. Binadamu akipokea salamu za marehemu, analia kidogo kisha anamjulisha aliyezituma. Kompyuta haina utambuzi huo. Kwake yeye, salamu ni ushahidi kwamba mzee yu hai.

Wale wa Palo Alto waliamua kwamba kufuta kusiwe kuondoa tu. Kila kitu kinapofutwa, mahali pake paandikwe karatasi ndogo yenye jina la kilichofutwa na saa kilipofutwa. Waliiita cheti cha kifo. Kompyuta yenye nakala ya zamani ikikutana na yenye cheti, zinalinganisha saa. Cheti kikiwa kipya kuliko nakala, nakala inaondolewa, na aliyeondolewa nakala naye anakichukua cheti na kukipeleka mbele. Hapo ndipo fikra zangu ziligeuka. Miaka yote nilidhani kufuta ni kupunguza, kumbe ndani ya mtandao kufuta ni kuandika. Ni habari, na kama habari yoyote inabidi isafiri, imfikie kila mhusika.

Namna ya kuisafirisha waliiazima kutoka kwa wataalamu wa magonjwa ya mlipuko, na pia kutoka kwenye uvumi wa mtaani. Kompyuta iliyopata habari mpya inaipigia nyingine yoyote, nayo inapiga kwingine. Ikimkuta aliyekwisha kusikia, hamu inapungua. Walikokotoa kwamba kama kila mpeleka habari atanyamaza mara tu anapomkuta mtu mmoja ambaye tayari anajua, takriban asilimia 20 ya kompyuta hazitapata habari kamwe. Akiwa mvumilivu, yaani kila anapomkuta ajuaye kuna uwezekano wa nusu tu kwamba atanyamaza, wanaokosa wanashuka hadi asilimia 6 hivi. Sita katika mia ni wengi mno kwa msiba, na ni wengi mno kwa daftari. Kwa hiyo waliongeza njia ya pili, ya polepole lakini isiyoacha mtu: mara kwa mara kila kompyuta inachagua mwenzake mmoja bila mpangilio na kulinganisha daftari zima, ukurasa kwa ukurasa.

Likabaki swali linalonigusa zaidi. Vyeti vya kifo navyo vinachukua nafasi. Ukivitunza milele, daftari litajaa majina ya wasiokuwepo. Ukivichana mapema, kompyuta iliyozimwa kwa muda mrefu itawashwa na nakala zake za kale, itakuta hakuna cheti, na itafufua kila kitu. Walitaja muda kama wa siku 30, kisha wakaboresha: baada ya muda huo vyeti vingi vichanwe, lakini kompyuta chache zibaki na nakala ya cheti iliyolala. Nakala ya kale ikijitokeza popote, cheti kilicholala kinaamka na kusambaa upya. Wenyewe walikifananisha na kinga ya mwili, inayokumbuka ugonjwa miaka mingi baada ya mgonjwa kupona.

Wazo hilo halikubaki maabara. Cassandra, mfumo wa kutunza data ulioanzia Facebook na kufunguliwa kwa umma mwaka 2008, unaandika alama mahali pa kila kilichofutwa. Alama hiyo wataalamu wanaiita jiwe la kaburi, na kwa kawaida inakaa siku 10 kabla ya kufagiliwa. Kompyuta iliyozimika muda mrefu kuliko hapo haipaswi kurudishwa kundini kienyeji, maana itakuja na wafu wake.

Basi nikamuuliza mama mdogo: simu yako ya zamani iko wapi? Ilikuwa juu ya kabati, kioo kimepasuka, wajukuu wanaitumia kutazama katuni. Ilikuwa bado imeingia kwenye akaunti yake, na kuhifadhi picha kwenye wingu kulikuwa kumewashwa. Sisi tulikuwa tumefuta kwenye simu mpya na kwenye wingu, lakini ile ya kabatini ilikuwa na mafaili yake yenyewe ya picha zile zile, yaliyoshushwa enzi zake. Wajukuu walipoiunganisha na intaneti, ilitazama wingu, ikaona pengo, ikafanya kazi yake kwa uaminifu wote: ikapandisha.

Kwa hiyo dawa inaanzia kwenye kifaa kilichosahaulika. Zima kuhifadhi kwenye wingu kwa kila simu ya zamani, tableti na kompyuta iliyo kwenye akaunti yako, au itoe kwenye akaunti kabisa. Ndipo ufute. Ukianza kufuta kabla ya hapo unateka maji kwa pakacha.

Na ule mchezo wa wajukuu? Hapo pana kisa kingine. Programu iliyo kwenye simu na data yake iliyo kwenye wingu ni vitu viwili, na vimetenganishwa kwa makusudi, ili simu ikiibwa daladalani uweze kununua nyingine na kuendelea ulipoishia. Kuondoa programu hakutoi cheti cha kifo kwa data yake. Kwenye akaunti ya Google, ambako gigabaiti 15 za bure zinagawanywa baina ya barua pepe, picha na Drive, programu zinaweza kuweka data iliyofichwa usiyoiona ukipekua mafaili. Fungua Drive kwenye kivinjari cha kompyuta, ingia mipangilio, tafuta sehemu ya kudhibiti programu. Karibu na jina la kila programu yenye data ya aina hiyo kuna njia ya kuifuta. Kwenye iPhone, yenye gigabaiti 5 tu za bure, ingia mipangilio, gusa jina lako, kisha iCloud, kisha sehemu ya hifadhi, na utaona kila programu na uzito wake. Wenye Android wakumbuke pia kwamba nakala za mazungumzo ya WhatsApp, ambazo zamani hazikuhesabiwa, tangu mwaka 2024 zinakula kwenye zile gigabaiti 15. Wengi waliojikuta wamejaa ghafla bila kuongeza kitu, chanzo ni hicho.

Lakini soma jina kabla ya kugusa. Data iliyofichwa inaweza kuwa takataka za mchezo, na inaweza kuwa mazungumzo yako ya miaka sita. Na cheti cha kifo kinatii bila kuuliza. Anayetumia picha za iCloud akifuta picha kwenye simu ili apate nafasi, akidhani nyingine ipo salama juu, ajue kwamba habari itapanda na kushuka na kuifuta kila mahali. Muda wa kujuta upo: picha zilizofutwa hukaa siku 30 kwenye iCloud, na siku 60 kwenye tupio la Picha kwenye Google kama zilikuwa zimehifadhiwa kwenye wingu.

Hata tupio likishamwagwa, ndani ya majengo ya seva kazi bado ipo. Mwaka 2003 wahandisi wa Google walieleza mfumo wao wa mafaili wa wakati huo: kila kipande kikiwa na nakala tatu, faili lililofutwa likibadilishwa jina tu na kufichwa, halafu kufagiliwa baada ya siku tatu, huku kila mashine ikiulizwa ina vipande gani na kuambiwa vipi havina tena mwenyewe. Leo kampuni hiyo inasema kuifuta data kabisa kwenye mifumo yake huchukua kama miezi miwili, na nakala za tahadhari zinaweza kubaki hadi miezi sita. Wengine huona hapo hila. Mimi, baada ya kusoma habari za Palo Alto, naona ni muda wa tangazo kufika vijiji vyote.

Pana data ambayo njia hizi haziifikii. Programu ya mikopo iliyonyonya orodha ya majina kwenye simu yako haikuiweka kwenye wingu lako. Iliipeleka kwenye seva zake. Huko cheti cha kifo kinaandikwa kwa barua na kwa sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika mazingira yaliyotajwa. Dai kwa maandishi, kabla ya kuiondoa programu, ungali unaweza kuingia kwenye akaunti yako.

Tuliishusha simu ya kabatini, tukaitoa kwenye akaunti. Tukafuta upya, safari hii picha zikaangukia kwenye tupio na kutulia. Nilikuwa nakaribia kulimwaga, mama mdogo akanishika mkono. Katikati ya vitambaa vya sare palikuwa na picha ya shoga yake, Mungu amrehemu, ameshika upawa mbele ya sufuria la pilau, anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha.

"Hiyo irudishe," alisema.

Nikairudisha. Zilizobaki nikazimwaga.